Kwa Mashine, "Hapana" Ilikuwa Ndiyo

Waliokuwepo siku ile ofisini Voi ni hawa: Bwana Kilonzo, meneja wetu, Mzee Mwakio, mwenyekiti wa kamati ya kioski cha maji cha Marungu, Juma, dereva wa lori la maji, ambaye hakuitwa lakini hakupenda kesi impite, Mkawasi, mhudumu wa kioski, ambaye ndiye aliyekuwa kesi yenyewe, na mimi, niliyeandika programu. Printa nayo ilikuwepo, na kati yetu sote ndiyo iliyoaminiwa. Mkawasi aliingia mle akiwa na funguo za kioski na jina zuri. Alitoka bila vyote viwili. Kosa lilikuwa langu, na urefu wake ulikuwa mstari mmoja.

Vijana wa ofisi, mmeniomba niwaandikie jambo sasa kwa kuwa nimestaafu. Mlisema iwe "kitu cha kutia moyo". Nimejaribu, nimeshindwa. Nitawaandikia juu ya kubadilisha aina za data, kazi ambayo nyinyi huifanya kwa neno moja huku mkila mahamri, na mimi pia niliifanya hivyo hivyo.

Kwa wale walioajiriwa juzi na bado wanadhani kompyuta ina akili: haina. Ina masanduku. Kuna sanduku la maandishi, la nambari kamili, la nambari zenye desimali, na lile dogo la mwisho linalojua mambo mawili tu, kweli na si kweli. Ukitaka kutoa kitu sanduku moja ukitie jingine, unaagiza, nayo inatii. Haiulizi, "Dada, una hakika?" Inatii tu, kama mtumishi anayekuchukia.

Nilifika katika ofisi hiyo nikiwa na ndoo na tambara. Baba alitoka magharibi kuja kukata mkonge, akafa hapa hapa. Mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa kidato cha pili, na nyuma yangu walikuwa wanne. Hesabu ya nani aache shule haikuhitaji kompyuta. Nikawa mfagiaji wa ofisi ya mradi wa maji, na siku ya kwanza nilikatazwa kugusa vitu viwili: faili za meneja na kompyuta. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama redio ya bibi harusi. Vumbi la Voi mnalijua. Lilikaa juu ya kitambaa na chini ya kitambaa, kwa hivyo kitambaa kilikuwa cha heshima tu.

Aliyenitoa kwenye ndoo ni Mzee Odhiambo, aliyekuwa karani wa reli kabla ya kuja kwetu. Alikuwa mtu wa mikono mirefu na subira fupi. Aliona nikisoma karatasi zilizotupwa, akaniuliza, "Unasoma nini, wewe?"

"Takataka, mzee."

"Zimekosewa wapi?"

Nikamwonyesha. Karatasi ilisema mwalimu mmoja wa Bura, anayeishi peke yake, alitumia maji mengi kuliko bucha nzima. Nikasema labda mwalimu anaoga sana. Mzee Odhiambo hakucheka. Alivuta kiti cha pili.

Kosa lile lilikuwa la nambari za mita. Mita ya mwalimu iliandikwa 0047. Ya bucha moja ya hapa mjini ilikuwa 47, kwa sababu ilifungwa na fundi mwingine aliyeamini kwamba sufuri za mbele ni mapambo. Mtu fulani mwenye cheti aliambia kompyuta kwamba nambari za mita ni nambari, nayo ikatupa zile sufuri, kwa sababu kwa nambari kweli ni mapambo. Mwalimu na bucha wakawa mtu mmoja. "Nambari ya mita si nambari," Mzee Odhiambo akaniambia. "Utaijumlisha na nini? Utaigawanya kwa nini? Ni jina lililovaa tarakimu." Nimefanya kazi na watu waliosoma mpaka chuo kikuu na sijasikia ikielezwa vizuri kuliko hivyo.

Alinifundisha kwa daftari la mistari na penseli, saa ya chakula cha mchana, wengine wakiwa wameenda kula. Hakuniambia kwamba nina kipaji. Aliniambia nina makosa machache kuliko wale wenye vyeti, jambo ambalo, alisema, halikuwa sifa kubwa. Nyumbani wadogo zangu walikuwa wakiniuliza chakula kiko wapi, nami nikiwajibu huku nikifikiria desimali.

Mnataka kujua kuhusu desimali? Muulizeni mkulima mmoja wa Mbololo. Tangi la juu kule lilikuwa likituma kipimo chake kama sehemu ya ujazo: tangi lililojaa ni moja, nusu ni 0.5. Programu ya wakati huo ilitaka nambari kamili, kwa hivyo ilikata kila kilichokuwa nyuma ya nukta. Haikukadiria. Ilikata, kama kisu. Tangi lililokaribia kujaa kabisa, 0.9, likawa sufuri. Mfumo ukapiga kelele kwamba Mbololo hakuna maji, mtambo ukasukuma zaidi, tangi likafurika, na maharagwe ya mkulima yule yakanyweshwa mpaka yakaondoka shambani kwa miguu yao wenyewe. Meneja wa wakati huo alimwandikia barua akimweleza kwamba tangi lilikuwa tupu. Mkulima aliileta barua ofisini ikiwa imelowa.

Nilirekebisha ile. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza bila Mzee Odhiambo nyuma ya bega. Miaka michache baadaye alistaafu akarudi kwao, akaniachia daftari na sentensi moja: "Ukibadilisha kitu, usitupe kile cha mwanzo." Nilidhani anazungumzia adabu. Alikuwa anazungumzia kazi, na mimi sikusikia.

Sasa tufike Marungu.

Kabla ya simu, wahudumu wa vioski walijaza karatasi kila Jumatatu. Karatasi ilikuwa na safu iliyouliza "Maji yapo?" na mhudumu aliweka alama ya vema kama yapo, akaacha wazi kama hayapo. Penye pengo, Juma alitumwa aende na lori. Bwana Kilonzo alipoingia akataka ripoti zije kwa meseji, kwa sababu alikuwa ameona mahali fulani zinakuja kwa meseji. Akaniita.

"Nekesa, itachukua muda gani?"

"Wiki tatu, bwana."

"Nimeshawaambia wafadhili ni Jumatatu hii."

Ilikuwa Alhamisi. Nikaihamisha karatasi kama ilivyokuwa. Mhudumu alituma nambari ya kioski, kisha neno kama maji yapo. Kama hayapo, nambari peke yake. Programu ilitenga nambari, ikachukua kilichobaki, ikakitia katika lile sanduku dogo la kweli na si kweli. Nilijaribu kwa "ndiyo": kweli. Nilijaribu kwa pengo: si kweli. Nikafunga, nikaenda nyumbani. Sikujaribu kitu kingine, maana nani angetuma kitu kingine?

Mkawasi angetuma. Alikuwa mama wa makamo, mjane, mhudumu wa kioski nambari 14, na alilelewa na watu. Kwao mtu akikuuliza swali hunyamazi ukamtazama. Unyamavu ni dharau; hata mbuzi akiitwa hutoa sauti. Tulimwita kwenye mafunzo, tukamwambia kama hakuna maji aache wazi, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kisha akaenda akafanya kitu cha maana. Bomba la Marungu lilipokauka, ofisi ikamuuliza kama maji yapo, naye akajibu kama binadamu: hapana.

Hapa ndipo lugha yetu ya programu ilipoonyesha malezi yake. Kwa lugha ile, maandishi yoyote yasiyo tupu yakigeuzwa kuwa kweli au si kweli, huwa kweli. "Ndiyo" ni kweli. "Hapana" ni kweli. "Hata tone" ni kweli. "Tunakufa huku" ni kweli kabisa. Kitu pekee kinachomaanisha hapana ni kunyamaza. Kwa hivyo mhudumu mmoja mvivu, simtaji, aliyekuwa akituma nambari tupu kwa sababu kuandika neno kulimchosha, alitembelewa na Juma kila wiki, maji juu ya maji, mpaka mitungi ikakosa nafasi. Na Mkawasi, aliyejibu vizuri, hakuona hata vumbi la lori.

Jumatatu sita. Watu wa Marungu wakarudi kuchota bwawani, pamoja na ng'ombe. Wakamuuliza Mkawasi, akasema amepeleka taarifa. Wakamuuliza Mzee Mwakio, akasema atafuata. Akapanda Voi, akamwona Bwana Kilonzo, na Bwana Kilonzo akafanya anachofanya meneja akiulizwa swali: akachapisha. Karatasi ikatoka. Kioski 14, maji yapo. Kioski 14, maji yapo. Mara sita, safi, na nembo ya ofisi juu.

Wakamwita Mkawasi. Alikuja na kanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya heshima, na simu ndogo mkononi.

"Mama," Bwana Kilonzo akaanza, kwa ile sauti tamu anayoitumia akitaka kumuumiza mtu, "tusaidie. Hii ni nini?"

Mkawasi akaisoma karatasi polepole. "Hii si yangu."

"Nambari 14 ni ya nani?"

"Ni yangu. Lakini mimi niliandika hapana."

"Hapana?" Juma akadakia kutoka mlangoni. "Mama, karatasi inasema ndiyo mara sita. Hata Petro alikana mara tatu tu."

Mzee Mwakio hakucheka. Afadhali angecheka. "Mkawasi, tuonyeshe simu yako."

Akaitoa. Ilikuwa simu ya kubonyeza, isiyobeba meseji nyingi, na Mkawasi alikuwa akifuta zilizotumwa ili nafasi ipatikane. Alikuwa mtu wa usafi. Hakukuwa na kitu.

"Kwa hivyo," akasema Mzee Mwakio, "umekaa na funguo, ukiambia ofisi tunakunywa, ili usisumbuliwe na foleni ya lori."

"Mwenyekiti, wajukuu wangu wanachota bwawani na wa kwako."

Bwana Kilonzo akanigeukia. "Nekesa, wewe ndiye mwenye mfumo. Mfumo unaweza kukosea?"

Niliwatazama wote. Mkawasi alikuwa akinitazama mimi tu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na tumaini, ambalo ni baya zaidi kutazamwa nalo. Nami nikasema sentensi ambayo wengi wenu huisema kila wiki bila kuona aibu: "Mfumo unaonyesha kile kilichotumwa."

Akaweka funguo juu ya meza ya Bwana Kilonzo. Aliziweka taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Nilitafuta kosa asubuhi ya pili yake, si kwa sababu nilimwamini Mkawasi. Nilitaka kujiridhisha kwamba nilikuwa sahihi. Kwenye jedwali hakukuwa na cha kutafuta. Lilihifadhi kweli na si kweli peke yake. Maneno yenyewe nilikuwa nimeyatupa baada ya kuyageuza, ili kuokoa nafasi. Nafasi ilikuwa tele. Lakini simu ya ofisi iliyopokea meseji ilikuwa bado ndani ya kasha lake, imechomekwa ukutani, na hakuna aliyekumbuka kuifuta. Nikaifungua.

"14 hapana."

"14 hapana."

"14 hapana jameni."

"14 hapana. tunachota bwawani na ngombe."

"14 hapana. mtoto wa jirani anaumwa tumbo. samahani kwa usumbufu."

"14 hapana."

Niliiweka simu ile kando ya kibodi. Kisha nikafungua programu, nikatazama mstari wangu, nikausahihisha: kwanza soma neno, linganisha na majibu tunayoyajua, na neno usilolijua lipelekwe kwa mtu alitazame, usiligeuze kuwa chochote. Nikaweka na safu ya kuhifadhi maneno ya asili jinsi yalivyokuja, pamoja na jameni na samahani. Kazi nzima ilichukua muda wa kikombe cha chai. Jumatatu sita, kikombe kimoja cha chai.

Nikampelekea Bwana Kilonzo simu. Akasoma meseji zote sita bila kubadilika uso, ujuzi unaolipwa vizuri.

"Umesharekebisha?"

"Nimerekebisha."

"Basi lori liende leo."

"Na Mkawasi?"

"Mkawasi afanyweje?"

"Turudi Marungu, bwana. Tuwaambie watu kosa ni letu. Langu."

Akaegemea kiti. "Nekesa, ukisimama mbele ya watu useme programu ilidanganya, kesho nani ataamini mita yake? Mimi nitaulizwa nani aliiandika. Nitasema nini? Kwamba niliwapa wafadhili kazi ya mtu wa kidato cha pili?" Akafunika kalamu yake. "Yule mdogo wako wa mwisho yuko chuo sasa, sivyo? Mwaka wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Bado sana," akasema, akanirudishia simu.

Katika kumbukumbu za ofisi, siku ile imeandikwa "marekebisho madogo ya mfumo". Mnaweza kuitafuta. Niliandika mimi.

Msidhani nimewaeleza haya ili mseme maskini Dada Nekesa, alikuwa na wadogo wa kulea. Nilikuwa nao, na nikawalea, na wote wanne wamesimama. Lakini mwaka wa kwanza wa chuo uliisha, ukaja wa pili, ukaja wa nne, mdogo wangu akapata kazi, na mimi bado nilikuwa nimenyamaza. Kwa ile lugha ya zamani, unyamavu wangu ungesomwa kama hapana. Watu wa Marungu waliusoma kama ndiyo.

Walimpa Mkawasi jina. Wakamwita Mama Maji Yapo. Lilianza na wanawake bwawani, likaenda kwa watoto, likafika sokoni. Akiuza nyanya, mteja angeuliza, "Mama Maji Yapo, hizi zimeiva au umeandika tu?" Bintiye alipoolewa, mshereheshaji alilisema kwenye kipaza sauti, watu wakaanguka kwa kicheko. Juma alinisimulia hayo akicheka, akisimamisha lori mbele ya ofisi yangu. Nilimwambia aliegeshe vizuri.

Mwishowe nilienda kwake. Hii ilikuwa baada ya Bwana Kilonzo kuhamishwa, kwa hivyo ushujaa wangu mnauona ulivyo. Nilimkuta akichambua pojo uani. Nilikuwa nimebeba sukari na unga, kama mtu anayeenda matanga, na nikamweleza yote: mstari, sanduku la kweli na si kweli, zile meseji sita. Nilimsomea hata ile ya mtoto wa jirani.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na pojo.

"Mtoto yule alipona," akasema.

"Nimefurahi, mama."

"Umekuja kuniambia kwamba niliandika hapana."

"Ndiyo."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyeandika. Nilikuwa nayajua hayo kabla yako." Akapuliza makapi. "Huna la kuniambia mimi. Waambie wao. Baraza la hapa ni Jumatano, chini ya paa la kanisa, saa nne. Mwakio bado ni mwenyekiti. Utamkuta."

"Nitakuja, mama."

"Sukari beba," akasema. "Utaniletea siku hiyo."

Nikaibeba. Jumatano ile nilikuwa na ukaguzi. Iliyofuata, mafunzo ya wahudumu wapya, ambapo niliwafundisha kwa makini sana kwamba jibu la mtu lihifadhiwe jinsi alivyolitoa. Baada ya hapo niliacha kutafuta sababu na zikawa zinakuja zenyewe.

Kwa hivyo, vijana, ushauri wa kikazi mliouomba: nambari ya mita ni jina. Desimali ikikatwa, kuna shamba la mtu chini yake. Jaribuni programu kwa majibu ya watu waliolelewa vizuri, si kwa yale mliyowafundisha. Mkibadilisha kitu, cha mwanzo kiwekeni. Na mtu akiwauliza kama mfumo unaweza kukosea, jibuni kabla ya kutazama nani anasaini barua yenu ya kazi.

Msidhani kuandika haya kwenye jarida la ofisi ni kulipa. Nyinyi hamkuwahi kumwita jina lile. Wanaomwita hawasomi jarida letu, na Mkawasi sasa ni mzee. Wajukuu zake wamelizoea hivi kwamba wanadhani ni sifa. Nilipokuwa kazini nilisema kazi ndiyo inayonizuia. Nimestaafu, hakuna wa kunifuta, wadogo zangu wanne ni watu wazima wenye nyumba zao, na gari la kwenda Marungu hupita karibu na mlango wangu kila asubuhi.

Tangu mlipoagana nami kwa keki, Jumatano mbili zimepita. Zote mbili nilikuwa nyumbani.